Mtoto Aliyekataa Kutumwa

Mpwa wangu alikuwa hatumwi. Kwa mtu wa mbali hilo linaweza kuonekana jambo dogo, lakini kwetu Nyarero mtoto akishaanza kukimbia bila kuanguka anaanza kutumwa. Analeta kijiko, anapeleka chumvi kwa jirani, anakwenda kuangalia kama ndama amekata kamba. Wageni wakitaka kumsifu mama wa mtoto wanasema mtoto wako anatumika. Huyu wa kwetu ukimwambia "nenda kalete" alikuwa anasimama, anakunja ngumi, macho yanabadilika, halafu anajitupa chini na kupiga mateke chochote kilicho karibu. Ukimsogelea anang'ata.

Alikuwa na miaka mitano. Nyumbani tulikuwa watatu: mama yangu, ambaye yeye alimwita bibi, yeye mwenyewe, na mimi mjomba wake, niliyemaliza darasa la saba nikabaki na jembe na ng'ombe wa maziwa. Mama yake ni dada yangu. Anapika chakula Nyamongo, kwenye kibanda, anawauzia wachimbaji. Kule amepanga chumba kimoja, na mbele ya mlango bodaboda zinapita mchana kutwa, kwa hiyo aliona mtoto atakua vizuri kwetu. Alikuwa anakuja Jumapili, lakini siyo zote.

Nilimpenda yule mtoto kwa namna ambayo sikujua kuisema. Asubuhi alinifuata zizini, akanishikia mkia wa ng'ombe nikiwa nakamua, huku anaimba wimbo wa darasani na kuchanganya maneno. Akinywa maziwa ya moto alikuwa anafumba jicho moja. Watu wengi hawakuuona upande huo. Waliona meno.

Shuleni, kwenye darasa la awali, mambo yalikuwa hivyo hivyo. Siku moja mwalimu wake alinipigia simu akaniomba nifike. Ni mwalimu mgeni, mtu wa Singida, mpole. Nilimkuta amekaa na mpwa wangu kwenye ngazi ya darasa, wote wawili wana vumbi. Alikuwa amemtuma chaki kwenye darasa la jirani. Mtoto akajitupa chini, mwenzake akaja kumvuta mkono, akang'atwa mpaka damu.

"Shikamoo mwalimu," nilisema.

"Marahaba. Sijakuita nikugombeze," alisema. "Nataka tu uniambie. Huyu mtoto ni mwema kabisa mpaka umtume. Nyumbani mnamfanya nini?"

Nikasema hatumfanyi kitu. Ndivyo nilivyojua.

Mzazi wa mtoto aliyeng'atwa alikuja nyumbani jioni na maneno yake, na maneno yale yakafika mpaka Mbalibali, kwa kaka yangu mkubwa. Kaka amekulia huko tangu mdogo, kwa baba mkubwa, na sasa ana ng'ombe wake na watoto wake. Wiki ile ile alikuja. Akala, akanawa, akafuta mikono kwenye suruali, ndipo akasema.

"Huyu mmemlea kwa maziwa tu. Shule ikifungwa mwezi wa sita nakuja kumchukua. Ng'ombe watamnyoosha."

"Ni mdogo," mama akasema.

"Mimi nilikuwa mkubwa?"

Mama akachochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Kaka akanigeukia. "Na wewe mura, unasemaje?" Mura ndivyo tunavyoitana sisi Wakurya vijana wa kiume. Niliangalia vidole vyangu vya miguu. Nilikuwa na mengi. Nilitaka kusema kwamba kwake shule iko mbali, na watoto wa kule wanaanza na ng'ombe, darasa linakuja baadaye. Nilitaka kusema kwamba kutoka Nyamongo mpaka Mbalibali dada hataweza kwenda Jumapili na kurudi, na mtoto atamsahau mama yake au atamkasirikia, sijui lipi baya zaidi. Lakini maneno yangu huwa yanafika watu wakiwa wameshaondoka.

"Hasemi," kaka akasema, akacheka. "Huyu naye tungempeleka kwa ng'ombe."

Hakusema kwa ubaya. Kaka anampenda mtoto, alimletea hata fimbo ndogo aliyoichonga mwenyewe. Mtoto akaishika, akaizungusha, akafurahi. Hakujua ni ya nini.

Baada ya hapo mtoto alijikata mguu kwa jembe, siyo sana, nikambeba mgongoni mpaka zahanati kufungwa kidonda. Ilikuwa siku ya kliniki. Benchi lote lilikuwa la akina mama na watoto wachanga, nami sikuwa na pa kukaa isipokuwa katikati yao.

"Shemeji, karibu," alisema mmoja aliyebeba mapacha. "Wewe umejifungua lini?"

Benchi zima likacheka.

"Mtoto mkubwa hivyo! Uchungu uliuweza?"

"Na maziwa anayapata wapi?"

Niliangalia picha ya chanjo ukutani kama vile naisoma. Nesi akatoka ndani na daftari lake la kliniki, akasema, "Muacheni. Nani kati yenu mume wake amewahi kukaa kwenye hilo benchi?" Wakacheka tena, lakini sasa walikuwa wanawacheka waume zao.

Nesi ni mtu wa Iringa. Kikurya hakijui, kwa hiyo anaongea Kiswahili polepole, na siku ile bibi mmoja aliyeleta mjukuu alikuwa anawatafsiria wale ambao Kiswahili hakijawakaa. Aliongea kwanza habari za uji na mboga. Halafu akaongea habari ambayo sikuwahi kumsikia mtu akiiongea.

"Ubongo wa mtoto haukui wote kwa pamoja," alisema. "Kuna sehemu iko ndani, chini. Hiyo inafanya kazi tangu anazaliwa. Kazi yake ni kulinda: nina njaa, naogopa, naachwa. Kuna sehemu nyingine iko mbele, hapa." Akagusa paji la uso. "Hii ndiyo ya kufikiri, ya kungoja, ya kujizuia. Inakua taratibu sana, mpaka mtu awe kijana kabisa. Sasa mtoto akiogopa, ile ya ndani inapiga kelele mpaka hii ya mbele haisikiki. Wakati huo ukimwuliza 'kwa nini umefanya hivi', unamwuliza mtu ambaye hayupo."

Yule bibi hakutafsiri mara moja. Alifikiri, akampakata mjukuu upande mwingine, ndipo akaongea kwa Kikurya, na akina mama wakaitikia kwa sauti.

"Umewaambia nini?" nesi akauliza.

"Nimewaambia habari ya kulima. Hiyo ya ndani ni maksai, wana nguvu zao tayari. Hii ya mbele ni mshika plau, lakini ni mtoto bado, mikono midogo. Maksai wakiona nyoka, huyo mtoto huko nyuma atawashika?"

Nesi alipiga makofi. "Haya niambieni ninyi mnaolima. Maksai wakishtuka, ukiwachapa?"

"Wanavunja plau!" wakasema wengi kwa pamoja.

"Mnafanyaje sasa?"

Wote walijua, hata mimi nilijua. Unasimama. Unawasogelea kwa ubavuni, siyo mbele. Unawasemesha kwa sauti ya chini mpaka wapumue.

"Na mtoto ni hivyo hivyo," nesi akasema. "Kaa chini, uwe mfupi kama yeye. Pumua taratibu, yeye atafuata pumzi yako. Akitulia ndipo umtajie kilichompata: uliogopa, ulikasirika. Kumfundisha ni baadaye. Na maksai wakishatulia, mnaendelea kulima pale pale?"

"Aa, unatafuta kwanza yule nyoka."

"Basi na kwa mtoto mtafuteni."

Mpwa wangu alikuwa amelala mapajani mwangu na mguu wake wenye bandeji umening'inia. Nilirudi nyumbani nikiwa namhisi mgongoni, joto lake, na nilikuwa nafikiria kichwa kile kidogo kilichoegemea shingo yangu, kwamba humo ndani kuna maksai.

Nilianza kujaribu. Siku ya kwanza mama alimtuma mwiko, akajitupa chini, nami nikaenda nikakaa chini karibu yake. Akanitemea mate. Nikabaki. Akanipiga teke la goti, nikabaki. Mama alisimama mlangoni akituangalia.

"Mnatamia?" akauliza. "Mnakaa hapo kama kuku wawili."

Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa napumua. Kupumua taratibu ukiwa umetemewa mate ni kazi. Nilipuliza polepole kama mtu anayepoza uji. Baadaye nikazoea kufanya hivyo kila mara, na siku moja, katikati ya kilio chake, nilisikia naye anapuliza. Ilikuwa pumzi iliyokatikakatika, yenye kamasi, lakini alikuwa anapoza uji. Nikamwambia, "Ulikasirika." Akasema, "Ndiyo." Nikamwambia, "Na uliogopa?" Akaweka kichwa kwenye mkono wangu.

Kelele zikawa zinapita haraka zaidi. Meno yalipungua. Lakini kutumwa alikataa vile vile, na mwezi wa sita ulikuwa unakuja. Nyoka sikumwona. Nilimwuliza mtoto, "Ukitumwa unaona nini?" akaniangalia kana kwamba mimi ni mjinga.

Jumapili moja dada akaja. Alileta sukari, sabuni, na viatu vya mtoto ambavyo vilikuwa vikubwa kidogo ili akue ndani yake. Mtoto hakumwachia siku nzima. Alishika pindo la kitenge chake hata akienda chooni, akamngoja nje. Walikula pamoja, akamwonyesha kidonda cha mguu ambacho kilikuwa kimepona, akamwimbia ule wimbo.

Saa kumi bodaboda ikasikika inapanda. Mama akafanya kama tunavyofanya siku zote, kama wanavyofanya karibu nyumba zote ninazozijua, kwa sababu hakuna anayependa kumwona mtoto akililia mama yake.

"Mjukuu wangu, kimbia ukaangalie ndama kama amefungwa vizuri."

Na dada akainama taratibu kuchukua mfuko wake.

Mtoto akaanza kwenda. Alifika kwenye kona ya ghala, akasimama. Hakuangalia zizini. Aligeuka akaangalia mfuko. Uso wake wakati ule ninauona mpaka leo. Ngumi zikakunjwa, macho yakabadilika.

Ndipo nilipomwona nyoka. Kila mara tulipotaka mtu aondoke, mtoto alitumwa. Alitumwa maji, alitumwa kijiko, alitumwa ndama, na akirudi na alichotumwa mkononi mama yake hayupo, na bibi anamwambia atarudi sasa hivi. Tulidhani tunamwonea huruma. Yeye alikuwa amejifunza kwamba ukikubali kutumwa, watu wanaisha.

Maneno yangu siku hiyo yalifika kwa wakati. "Dada, usiondoke hivyo. Muage."

"Nani?" mama akasema. "Unataka alie mpaka kesho?"

"Atalia. Aage, alie, nitakaa naye."

Dada alikuwa na mfuko begani. Dereva wa bodaboda alipiga honi. "Sitaweza," akaniambia kwa sauti ndogo. "Akinishika sitaondoka."

"Utaondoka. Mwambie unakwenda wapi na unarudi lini. Usimwambie sasa hivi."

Akaweka mfuko chini. Akaenda mpaka pale kwenye ghala, akachuchumaa. Sikusikia yote. Nilisikia, "Nakwenda Nyamongo, kupika." Nilisikia, "Siyo Jumapili ijayo, ile nyingine." Mtoto akamkumbatia shingo na kulia, akamfuata mpaka kwenye pikipiki, akashika kiti cha nyuma kwa mikono miwili. Nilimfungua kidole kimoja kimoja, nikiwa nampulizia uji sikioni. Dada aliondoka akiwa ametugeukia, naye analia, kitenge kinapepea.

Tulikaa chini pale pale barabarani, kwenye vumbi. Majirani walipita. Mimi ninayeona haya hata kununua kiberiti dukani nilikaa chini barabarani na mtoto anayepiga kelele, na mama mmoja akaniambia pole kana kwamba tumefiwa. Alilia muda mrefu kuliko siku zote. Lakini hakung'ata, na hakupiga teke. Kilikuwa kilio tu.

Halafu akafuta pua kwa mkono, akasema, "Nimemwona akienda."

"Ndiyo, umemwona."

"Amekwenda kupika."

"Kupika."

Akafikiria. "Mimi nina njaa," akasema, tukaenda nyumbani.

Nilimweleza mama habari ya nyoka nikiwa nakamua, kwa sababu ni rahisi kwangu kuongea nikiwa naangalia chuchu za ng'ombe. Niliposema kuanzia leo anayemtuma mtoto asiinuke mpaka mtoto arudi, mama akauliza, "Na chakula kikiungua?" Nikasema kiungue.

Nilianza mimi. Nilikaa kwenye jiwe la kunolea panga, nikamtuma jani la mgomba lililokuwa hatua chache mbele yake. Alikwenda kinyumenyume, akiniangalia. Akalichukua, akarudi mbio. Nilikuwa pale. Akanigusa goti kuhakikisha. Siku nyingine nikamtuma nyuma ya nyumba ambako hanioni, nikawa namwimbia ule wimbo wake kwa sauti ili anisikie. Mimi siimbi mbele za watu. Niliimba.

Mama ndiye aliyenishangaza. Asubuhi moja alimtuma mtoto chumvi kwa jirani, na wakati huo huo mwanamke mwingine akapita anamwita kwa haraka, mbuzi wetu wameingia kwenye mahindi yake. Mama alikuwa kwenye kigoda chake jikoni.

"Siwezi kuinuka," akapiga kelele. "Nimemtuma mtoto!"

"Unasemaje?"

"Nimemtuma mtoto! Wafukuze wewe!"

Mbuzi walikula mistari yote ya pembeni, na tulisemwa sana. Mtoto alirudi na chumvi kwenye kipande cha gazeti, akamkuta bibi yake amekaa vile vile, kigodani, mikono magotini. Akacheka kwa sauti, sijui kwa nini, na mama naye akacheka.

Shule zikafungwa. Kaka akaja kama alivyosema, akiwa na kamba mpya na mfuko wa nguo za mtoto wake mmoja, zilizombana, kwa ajili ya huyu. Dada alikuwa ameshanipigia simu mara nyingi asubuhi hiyo. "Ameondoka naye?" Hapana, bado. "Utamwambia?" Nitamwambia. Lakini kaka aliingia, tukamsalimu, akakaa, na maneno yakanikimbia kama kawaida. Nguo zile zilikuwa juu ya meza, zimekunjwa vizuri.

"Njoo wewe," kaka alimwambia mtoto. "Kaniletee maji ya kunywa."

Maji yalikuwa kwenye mtungi, nyumba ya jikoni, ng'ambo ya uwanja. Mama akaniangalia. Mtoto akasimama. Akamwangalia mjomba wake mkubwa, akaangalia kiti alichokalia, halafu akatoka.

Kaka hakujua chochote. Alijinyoosha, akashika kamba yake, akaanza kuinuka ili akaangalie ng'ombe wangu.

"Kaa, kaka," nikasema.

Akanigeukia. Sijawahi kumwambia kaka yangu kaa. Yeye ni wa kwanza na mimi ni wa mwisho.

"Umesemaje?"

"Umemtuma. Kaa mpaka arudi."

Mama akasema kutoka kwenye kona yake, bila kuinua uso, "Kaa mwanangu." Kaka akakaa.

Ilichukua muda. Tulisikia kikombe kikigonga mtungi. Kisha mtoto akaonekana mlangoni, anatembea kwa uangalifu, maji yamejaa mpaka juu, ulimi umetoka nje. Kwanza aliangalia kiti. Kaka alikuwa pale. Mabega ya mtoto yakashuka, akavuka chumba na kumpa maji kwa mikono miwili.

Kaka alikunywa yote. "Huyu ndiye asiyetumwa?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikaanza na mbuzi badala ya kuanza na dada, lakini nilieleza, maksai na nyoka na tulivyokuwa tunamtuma ili mama yake aondoke. Kaka alisikiliza akiwa anazungusha kikombe.

"Mimi niliambiwa nikalete kuni," akasema.

Hatukuelewa mara moja.

"Kule Mbalibali. Mama aliponipeleka kwa baba mkubwa. Niliambiwa nikalete kuni, nikaleta nyingi." Akaweka kikombe chini. "Nilijua anazitaka nyingi."

Mama hakuchochea moto. Haukuwepo. Aliweka mikono yake magotini, akaiangalia. Baadaye akaenda kupika, akamchinjia kaka jogoo ambaye tulikuwa tumemweka kwa ajili ya siku nyingine.

Asubuhi kaka aliacha nguo zile mezani. Alisema mtoto atazivaa hapa hapa. Alimchuchumalia mtoto, yule mtu mkubwa, magoti yakalia, akamwambia, "Mimi nakwenda Mbalibali, kwa ng'ombe wangu. Nitarudi mkishavuna." Mtoto akauliza, "Utarudi kweli?" Akasema kweli. Halafu mama akajifunga khanga, akamsindikiza mpaka barabarani, jambo ambalo sikumbuki kumwona akilifanya, na alisimama ameinua mkono mpaka vumbi la pikipiki likakaa.

Ndipo alipokumbuka maharage, mimi na mtoto tukiwa nyuma yake. Akamwambia mtoto akimbie nyumbani akaangalie kama maji yamekauka kwenye sufuria. Mtoto akaondoka mbio, akiwa na fimbo yake ndogo, viatu vikimpwaya. Kwenye kona ya mkonge hakugeuka kutuangalia. Nasi tukabaki tumesimama pale barabarani, mimi na mama, jua likipanda, tukimngoja arudi, kwa sababu tulikuwa tumemtuma.